Hatua Saba za Mama Nosim

Niketisheni, niwekeeni mto mgongoni. Sogeeni wanangu, na wewe Godbless uliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari, ingia ukae. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, nami ninawaona: shemeji zangu wawili, mchungaji, na jirani yetu Mama Nosim. Usinong'one, Godbless, sheria naijua kuliko wewe. Shahidi asiwe mrithi, na Mama Nosim simrithishi kitu, kwa sababu siwezi kumpa mtu kilicho chake.

Nyumba ya Kaloleni ni ya Resiato, na ninyi shemeji zangu msiniambie kwamba mtoto wa kike ataolewa; maneno hayo nimeyasikiliza miaka ishirini na sita nikiwa nimevaa joho la ujaji, yamenichosha. Nyumba hii ya Kikwe na shamba lake ni vya Godbless. Lakini shamba linaishia pale baba yenu na marehemu Baba Nosim walipopanda masale ya mpaka, mimi nikiwashikia kamba. Si hatua saba mbele yake!

Nimekasirika, wanangu. Masale yale yaling'olewa yakapandwa ndani ya shamba la Mama Nosim nikiwa nimelazwa hospitali, na huyu mjane alipouliza, mwanangu wa kumzaa akamjibu, "Nenda mahakama yoyote unayotaka, majaji wote mama yangu ndiye aliyewafundisha kazi." Miezi minne Mama Nosim ananiletea mtori kila Jumapili na hasemi neno, mpaka juzi Resiato aliponiambia. Jina langu, Godbless! Umelifanya rungu la kumpigia mjane! Nikiwa bado hakimu, mtu mwenye kesi mbele yangu alimfunga mbuzi pale uani, nanyi hamkuwa mmeonja nyama tangu Pasaka. Mbuzi yule nilimrudisha mwenyewe hadi kwa mtu huyo, Momela, wewe ukinifuata unalia mpaka darajani. Watu wazito nimewatoa kwenye mashamba ya wajane, wakanitukana, wakanitisha, kumbe mnyang'anyi namlisha jikoni kwangu.

Sasa sikilizeni. Masale yarudi palepale, wiki hii, mchungaji akiona. Najua mkinizika mtataka kusoma wasifu mrefu, Mheshimiwa Jaji alifanya hiki na kile. Msisome hata mstari mmoja kabla mpaka haujarudi. Nizikeni kimya kimya, nitakuwa na raha zaidi.

Maji... kidogo tu. Asante, mama.

Resiato, Mungu akutunze, nyumba yako isikose watu. Wajukuu zangu wote... wakue, wasome, wasimwogope mtu. Shemeji, nisameheni ukali wangu. Sijui kusema vingine.

Godbless, inuka. Usinipigie magoti mimi, mkono wangu hauinuki tena. Baraka yako... nimemwachia Mama Nosim. Huyo hapo. Mwombe yeye.