Kidole cha Mhadhiri

Mhadhiri alitega sikio pale wasichana wawili wa kiti cha mbele yake, waliojuana humo humo ndani ya basi, walipolitaja somo lake.

"Maktaba nzima kitabu ni kimoja," alisema mwenye miwani. "Mhadhiri mwenyewe kakaa kakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, katutumia kwenye simu. Moyo wa huruma ule!"

Mhadhiri akajiweka sawa kitini, kichwa kikimvimba.

"Moyo anao," mwenzake akadakia, "lakini na kidole gumba je? Kila ukurasa kiko pale pale pembeni, na ile kucha yake nyeusi iliyobanwa na mlango, kimeziba mistari mitatu. Na mtihani atautoa humo humo chini ya kidole!"

"Wewe nawe! Si bora hivyo kuliko kukosa kabisa?"

"Bora nini? Mwenzio nakiota. Siku nikikutana nacho njiani nitakiamkia."

Wakacheka hadi machozi. Mhadhiri akakiingiza kidole mfukoni, naye kicheko kikimkaba. Lakini kituo chake kilishafika, mkono wa pili umekumbatia vitabu, na kengele iko kwenye nguzo kati ya vichwa vyao. Akainuka, akabonyeza.

Basi likasimama. Wasichana wakakitazama kidole, wala hawakuthubutu kupandisha macho usoni.

"Shikamoo," wakakiamkia kwa pamoja.