Nyama Iliyokatwa Jikoni

Fundi cherehani aligeuza uso dirishani, lakini masikio aliyaacha kiti cha mbele. Huko binti aliyevaa sare mpya ya mgahawa, hata mikunjo ya dukani haijatoka, alikuwa akibishana na mzee mwenye mkongojo aliyekutana naye humo humo ndani ya basi.

"Msimamizi ametufundisha kuuliza, baba. Unatabasamu, kisha unamuuliza mteja anahitaji nini."

"Mhudumu angeniuliza mimi, ningesema sihitaji kitu." Mzee aliugusa mkono wake wa kulia, uliolala mapajani tangu apate kiharusi. "Siku moja nilikaa meza moja na wakwe wa binti yangu kwa mara ya kwanza. Nikaagiza nyama kama wao, kwa ubishi tu, huku moyoni najiuliza nitaikataje. Mhudumu akaileta imeshakatwa huko huko jikoni, imepangwa vizuri, wala hakunitazama mara mbili. Nilikula kwa raha zangu. Namwombea dua mpaka leo."

"Na yule ambaye shida yake haionekani?"

"Mtazame vizuri."

"Nimtazame vipi, baba, na meza zote zinaniita?"

Fundi alitamani kuingilia. Naye alikuwa na lake la kusema, kama kawaida yake.

Basi likasimama. Binti akainuka, akauchukua mkongojo uliokuwa kulia kwa mzee, akauegemeza kushoto kimya kimya. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kuna kingine unachohitaji, baba?"

Mzee akafungua mdomo kusema hapana, akaishia kucheka. "Kipo, mwanangu. Nishike mkono, nami nashuka hapa hapa."