Waya Uliopitia Kijiweni

Kijiwe cha Athuman kiko Kasulu, pembezoni mwa barabara iendayo Kibondo, hatua ishirini tu kutoka dirisha la Leonidasi. Kina mabenchi mawili, jiko la mkaa, birika, na tivii kuukuu juu ya kreti za soda. Wenyeji wake wanajua kila kitu, na wasichokijua ndicho wanachokijua zaidi. Alhamisi ile walikuwa na kesi nzito. Ininahazwe, dada yake Leonidasi, aliyechukuliwa katika kambi ya wakimbizi akapelekwa kuishi Kanada, alikuwa amefariki, na angezikwa saa kumi alasiri kwa saa za huku. Mazishi yangeonyeshwa kwa intaneti. Mama yao, ambaye miguu yake haimbebi tena, alishaketi mbele ya tivii ya nyumbani tangu saa nane, kitenge cheusi begani. Miaka kumi na minne hajamtia binti yake machoni. Na intaneti ya nyumba ile, iliyokuja kwa waya uleule mnene wa tivii ya kebo, ilikuwa inakuja na kukatika tangu asubuhi. Simu pale bondeni ilishika sauti tu. Ukitaka picha upande kilimani, na mama hapandi kilima.

Leonidasi hakuweza kukaa. Alisimama akichungulia barabara, akimsubiri fundi kutoka Kibondo.

— Kaa basi, sha, ndugu yangu, alisema Athuman akimmiminia kahawa. Ukisimama ndiyo waya utapona?

— Umezima ukawasha? aliuliza Reverien, mwalimu mstaafu wa kemia, ambaye kijiweni wanamwita Mkemia.

— Mara nane.

— Na ule waya wa nyuma ya kisanduku?

— Nimechomoa, nimefuta, nimekaza mpaka vidole vinauma.

— Basi ni mvua ya juzi. Maji yameingia kwenye waya, yanatembea humo ndani polepole kuja kwako. Kesho kutwa yatakuwa yameshatoka.

— Maji gani, Mwalimu! alidakia Saady, muuza vitenge, mtu wa mpira mpaka akabatizwa Dakika Tisini. Mimi nawaambia shida ni Mabamba. Intaneti ikifika pale mpakani inateleza, inaingia Burundi. Wenzetu kule wanaangalia sinema kwa intaneti yetu, sisi huku tunakodoa macho.

— Intaneti ya Kasulu inafuata nini Mabamba?

— Inafuata njia! Kila kitu kinapita Mabamba.

Huku akibishana, jicho moja la Saady lilikuwa kwenye tivii ya kijiweni, iliyokuwa ikirudia mechi ya Jumapili. Picha ikaanza kuchanika. Akapeleka mkono nyuma, akautikisa waya kama alivyozoea, wachezaji wakarudi.

— Imekatika tena! Winnie, mke wa Leonidasi, alipaza sauti dirishani. Wameshaanza, walikuwa wanaimba! Jeneza sijaliona bado!

Leonidasi alitua kikombe bila kunywa. Saa yake ilisema kumi na dakika tano.

Reverien akashusha sauti.

— Leonidasi, usinielewe vibaya. Wapo wafu wasiotaka kutazamwa. Anazikwa ugenini, hakuna ndugu hata mmoja wa kumtupia udongo. Labda kuna kinyongo.

Neno lile lilimchoma Leonidasi. Aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili, na Reverien ndiye aliyemwandikia barua zote.

— Mwalimu, kunywa kahawa yako, alisema Athuman kwa ukali.

Hapo bodaboda ikasimama. Akashuka Asmahani, fundi wa kebo, mkoba wa vifaa begani. Alitoa pole ya msiba, akakataa kahawa, akainua macho kwenye nguzo. Aliufuata waya taratibu: kutoka nguzoni hadi ukuta wa kijiwe, na pale ukutani ukawa waya mbili, mmoja ukienda nyumbani kwa Leonidasi, mwingine ukishuka kwenye tivii ya kijiweni. Akapanda juu ya benchi, akabandua mkanda mweusi. Ndani yake shaba zilikuwa zimesokotwa kwa mkono, zimeota kutu ya kijani.

— Tatizo ni hili, alisema. Waya wa nyumba ya msiba umekatwa hapa, ukasokotwa na wa tivii yenu. Kila mkiutikisa huu, kule kunakatika. Nani aliunga?

Saady alizima tivii. Reverien akatazama viatu vyake, Athuman akafunika birika.

Leonidasi alimjua aliyeunga. Ilikuwa mwaka jana, wakati wa mashindano. Watu walimwomba waone mpira, na angewanyimaje wanaomlindia nyumba akiwa shambani? Saady ndiye aliyepanda, Reverien akakata mkanda kwa meno, na aliyeshika ngazi ni yeye mwenyewe. Siku ile walicheka sana.

— Silaumu mtu, jamani. Nataka tu kujua kama kuna pengine palipoungwa.

 Asmahani akakata shaba mbovu, akachonga ncha upya, akafunga kiungio kimoja na kukikaza. Kazi hiyo ikala nusu saa nzima.

— Imerudi! aliita Winnie. Safi kabisa!

Leonidasi alikimbia, na kijiwe kizima kikamfuata, kofia mikononi. Picha ilikuwa imetulia, unaona kila jani la nyasi. Kulikuwa na tuta la udongo mpya, maua juu yake, na wanaume wawili wakikunja turubai. Waombolezaji walishaondoka.

Mama alisogeza uso karibu na kioo.

— Ego, ndiyo, sasa naona vizuri, alisema. Leonidasi, watamleta saa ngapi?