Moshi Kwenye Kiti cha Kadzo

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe hapa Magongo asubuhi hii! Amina hiyo ni ndogo. Pikapu yangu ilipiga kelele kuliko nyinyi! Mliisikia wenyewe kila Jumapili, ta-ta-ta-ta, mpaka watoto wakawa wanasema, "Dada wa mahema amefika." Leo gari limenyamaza, nami nimesimama kusema.

Mimi ni kifungua mimba wa nyumba yetu. Mama alitangulia, kisha Baba, nami nikaacha shule ya msingi ili niwalee Kadzo na Safari. Baba alituachia pikapu na kazi ya kukodisha mahema na viti. Nilipofika umri nikajifunza kuendesha, na Bwana akatulisha kwa gari hilo. Arusi, matanga, harambee, kote tulifika.

Kisha adui akamgusa Kadzo. Kila tukienda mbali, kichwa kilimuuma, akalegea, akatapika. Akishuka na kupunga upepo, anakuwa mzima. Akipanda tena, yaleyale! Siku moja Kiembeni alianguka mbele ya mama wa bibi arusi, hema likiwa bado mikononi. Zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu. Nami niliyeketi karibu naye sikuwa hata na mafua.

Maneno yakaanza. Shangazi yetu akasema, "Gari la marehemu lamkataa mtoto. Ndugu yangu hajaridhika. Liuzwe, na Kadzo apelekwe kwa mganga amwombe babake radhi."

Ndugu zangu, Kadzo alikuwa shuleni Baba alipofariki. Hakumuaga. Neno lile lilimwingia kama mwiba. Akaniambia, "Dada, kama Baba amenikataa, nitakwenda tu kwa huyo mganga. Nimechoka."

Nikamjibu, "Baba alikubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Hawezi kukudhuru." Nilisema kwa imani, maana maelezo sikuwa nayo.

Na ile kelele? Ilikuwa ya manifoldi, chuma kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Ile ya asili ilipasuka Baba angali hai. Tangu hapo tulifunga zile za kuigiza. Inakuja mpya, inang'aa, ikipigwa na joto kidogo inapinda, na kelele inarudi. Kila fundi alikuwa na neno moja: kaza! Tukakaza mpaka bolti ikakatika. Lakini kwetu ilikuwa kelele tu. Nani angeifikiria pamoja na ugonjwa wa Kadzo?

Nikafunga, nikaomba, "Bwana, sitaki ndoto. Nionyeshe kinachomla mdogo wangu, nikione kwa macho."

Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi Swaleh, Kisauni, Mwislamu mwenye utani mwingi. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo, dada. Leo mimi dereva, wewe abiria. Mtu hasikizi gari huku akiliendesha."

Ndugu zangu, tangu Baba afe sikuwahi kuketi kiti kile! Mimi hukaa kwenye usukani, kioo chini, kiwiko nje. Kioo cha Kadzo kilikuwa hakishuki, mkono wa kukizungushia ulivunjika zamani. Tulizunguka kitambo, kichwa kikaanza kugonga. Nikapiga kelele, "Simamisha!" Nikashuka, nikatapika kando ya barabara, nikainua mikono juu. "Asante Yesu!"

Swaleh akaduwaa. "Wallahi sijaona. Mtu atapika huku ashukuru?"

"Si Baba, Swaleh! Ni hiki kiti!"

Tuliporudi na injini ikapoa, akaifungua manifoldi na kuweka rula ya chuma juu ya ule uso wa manifoldi unaolalia injini. Mwanga ukapita chini ya rula kama unavyopita chini ya mlango. Hapo ndipo moshi ulipotokea, ukaingia kwa mpira uliochanika chini ya mkono wa gia, moja kwa moja miguuni pa Kadzo.

"Hili ndilo jini lenu," Swaleh akasema, na safari hii hakutania. "Moshi huu waua, dada. Mngemzika mtoto, kisha mkamsingizia marehemu." Akauliza, "Ile ya zamani mwaiweka wapi?"

Tunayo! Hushikilia mlango wetu usibamizwe na upepo. Nikaileta. Matundu yake ya pembeni ni mapana, ili chuma kikipata moto kipate nafasi ya kutanuka. Ya kuigiza ilibanwa, nasi tukazidi kuikaza. Ingefanya nini isipokuwa kupinda? Swaleh akaipeleka ile ya kuigiza ikachongwa uso mpaka ukalala sawa, akapanua matundu kwa kipimo cha ile ya Baba, akaweka gasketi mpya ya kuzibia moshi, akakaza kuanzia katikati. "Basi, yatosha." Mpira wa gia akabadilisha, na kioo akakitengeneza kikashuka.

Nilimwambia Kadzo, "Kipimo kilichokuponya kimetoka kwenye chuma cha Baba." Akakikumbatia kile chuma chenye kutu, akalia mpaka nguo ikachafuka. Kisha akapanda gari mwenyewe. Tulikwenda hadi Shanzu akiimba njia nzima, na tangu siku hiyo hajashikwa tena.

Namshukuru Mungu aliyeniketisha mahali pa mdogo wangu! Nawe uliyeambiwa kwamba wafu wako wamekukataa, usikubali. Mtegemee Bwana, mwambie akuonyeshe, naye hatakuficha. Na mtu wako akiumwa ndani ya gari, fungua vioo, mshushe, mkimbize hospitali, na gari lipeleke kwa fundi!

Shangazi yuko pale nyuma. Leo amekuja kwa pikapu hiyohiyo, tumemweka katikati. Shangazi, inua mkono wakuone! Njiani aliuliza, "Mbona kimya, gari limezima?"

Kadzo akacheka. "Halijazima, Shangazi. Ni Baba huyo. Hana neno na mtu."

Sasa nipeni amina kubwa.