Sarafu ya Mbuzi

Mu bisi ya kwenda Bagira, kwa kiti cha mbele yangu, kijana mumoja alionyesha maman aliyeikala pembeni yake simu yake. "Hii sarafu ya mtandao, yenye picha ya mbuzi, iko na valeur, ni kusema thamani, ya dola milioni mbili. Unachukua bei ya mwisho, unazidisha na hesabu ya sarafu zote."

Nikajiuliza mutu wa milioni mbili anafanya nini mu bisi yetu.

"Na hiyo bei ya mwisho, nani alilipa?" maman akauliza.

"Mimi."

"Na mbele yako, nani alinunua?"

"Mimi tu. Wenzangu waliuzisha zao, wakatoka wote. Nikiacha kununua, watu watasema imekufa."

"Watu gani, papa?"

Bisi ikasimama kwa kituo cha Kasha. Maman akashuka. Kijana akatazama kiti kitupu, kisha akanunua tena. Thamani ikapanda.