Mguu Uliotangulia Nyumbani

Sogeeni, ndugu zetu, sogeeni hata ninyi mliosimama kule zizini, akina mama wa jikoni acheni moto kidogo, wenye watoto wawapakate wanyamaze, anayelia alie kwa ndani, maana maisha ya mtu husomwa mara moja tu mbele ya jeneza lake, na huyu tuliyemlaza hapa hakuwa mtu wa kupaza sauti, isipokuwa kwa ng'ombe.

Marehemu Selestini Seni Bujiku alizaliwa mwezi wa nne mwaka 1934, upande wa Kwimba, huko Usukumani, tarehe haijulikani, kwa sababu mama yake, Bi. Milembe, alikuwa akisema tu kwamba alijifungua siku ile mvua ilipobomoa ukuta wa jiko, akawa mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku, na aliyemfuata ziwa ni huyu Nkuba mnayemwona pale ameshika kofia. Mwaka 1943 alipelekwa shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la pili, mwaka 1945 akatolewa kwenda kuchunga, na mwalimu alipokuja nyumbani kumfuata, Mzee Bujiku alimjibu, "Mwalimu, wewe una darasa zima, mimi nina huyu mmoja anayejua ng'ombe aliyepotea bila kuhesabu, niachie," naye mwalimu akanywa maziwa aliyopewa, akaaga, akaondoka.

Mwaka 1955 marehemu alifika Iringa, akaajiriwa katika shamba la tumbaku la mzungu mmoja, kazi yake ikiwa kufundisha maksai kuvuta plau, na katika kazi hiyo alijulikana kote, kwa kuwa hakupiga fimbo, aliwasemesha tu kwa majina yao, nao walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mwenye shamba. Huko ndiko alikomwona Kalista, binti wa Mzee Kalinga wa Kalenga, akaenda kuposa, na Mzee Kalinga akasema waziwazi kwamba hamtoi binti yake kwa mtu wa michembe, mla viazi vikavu, asiyejua hata ulanzi, pombe ya mianzi, basi Selestini akakaa, akapokea ulanzi kwa mikono miwili, akanywa kwa adabu mpaka akashindwa kuinuka, akalala palepale mlangoni kwa wakwe, na asubuhi mzee akasema, "Huyu hana kiburi, mpeni." Ndoa ilifungwa kanisani siku ya Jumamosi, tarehe 7 Juni 1958, na Mungu akawajalia watoto wanne, Philbert mwaka 1960, Evarista mwaka 1963, Yohane mwaka 1966 ambaye hakumaliza mwaka, na Lea mwaka 1969.

Mwaka 1967 Nkuba alishuka na mifugo kutoka kaskazini kuja Usangu, akamwita kaka yake, wakafungua mashamba ya mpunga upande huu wa Igawa, na mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, wakajenga hapa tulipokaa leo. Wengi wenu mashamba yenu ya kwanza yalilimwa na maksai wake wawili, Uhuru na Reli, na mnyama akiumia kwato mlimleta kwa Selestini, akamlaza, akamchimba mwiba, na kidonda kikikataa kupona alikichoma kwa chuma chekundu mpaka kikajifunga, na karibu wote walipona, hilo halina ubishi.

Sasa tuseme habari ya ugonjwa, na tuiseme taratibu, kwa sababu Kalista ameomba isemwe yote. Mwezi wa kwanza mwaka 1976, wakati wa kulima, Kalista alikuwa akimwosha mumewe miguu jioni akaona doa jeusi kwenye kisigino cha kulia, akauliza, "Baba Philbert, hili nini?", akajibiwa, "Tope la Usangu hilo, halijui sabuni," akalisugua kwa jiwe, halikutoka, akalisugua na kesho yake, halikutoka, wakacheka, wakaliacha. Mpunga ulipokuwa unakomaa doa lilikuwa limepanuka na limeanza kutoa maji, Nkuba akasema ni mwiba wa mgunga umevunjikia ndani, akachimba, hakukuta mwiba. Ndipo marehemu mwenyewe, aliyeponya kwato za kijiji kizima, aliposema, "Nkuba, pasha chuma," akalala kifudifudi, akang'ata mkanda wake, akachomwa kisigino kama anavyochomwa maksai, na hakulia. Kidonda kilijifunga. Mwezi wa sita alikuwa anatembea bila fimbo, na watu waliokuja kumwona walisema chuma cha Selestini hakibagui mtu na mnyama, naye Kalista alipika wali na kuku, akashukuru Mungu, asijue kwamba juu pamefunga na chini kunatembea.

Mwezi wa kumi na moja kidonda kilifumuka, cheusi, chenye harufu, na mwezi wa pili mwaka 1977 mganga wa zahanati alisema hili si la bandeji, nendeni Mbeya. Wakafikia mtaa wa Soweto, hukohuko Mbeya, kwa Ikupa, mama wa Kinyakyusa aliyewahi kupanga nyumba moja na Kalista zamani, akawapa chumba chake yeye akalala na wanawe sebuleni, na kila asubuhi akimwona mgonjwa alikuwa akisema, "Kula ndizi, shemeji, wewe bado una deni la kunifundishia ng'ombe wangu," ilhali ng'ombe hakuwa naye hata mmoja. Hospitali wakakata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na jibu liliporudi mwezi wa tano daktari akawaita wote wawili, akafunga mlango, akasema ni kansa ya ngozi, ile inayoanza kwa weusi, inaitwa melanoma. Marehemu akatazama mikono yake, akasema, "Daktari, mimi mweusi wote, huo weusi mmeuonaje?" Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaeleza kwamba nyayo za watu wetu ni nyeupe kuliko mwili, na hapo ndipo huu ugonjwa hupenda kuanzia kwetu, ndiyo maana watu huudhania tope, au mwiba, au damu iliyovilia, akasema lazima mguu ukatwe upesi, na hata ukikatwa hawezi kuahidi.

Kalista alitaka ukatwe siku ileile. Marehemu alikataa, akasema mtu anayetembea nyuma ya plau hakatwi mguu, bora afe anatembea, akarudi nyumbani kuvuna, na hapo nyumba hii iligeuka baraza, wa ukoo wakasema asikatwe, atafikaje kwa marehemu baba yake akiwa nusu, mwingine akasema amerogwa na waliomwonea kijicho kwa maksai wake, aletwe mganga kutoka kaskazini. Kalista aliwapikia wote, akawatandikia, na walipokwisha kula akasimama mlangoni akasema, "Shemeji zangu, kwa padre mimi sikuulizwa kama nakubali mguu, niliulizwa kama nakubali mtu, sasa mguu chukueni, mtu mniachie." Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia mbele ya wote, "Na wewe uliyelala mlangoni kwa baba yangu ukiwa huna mguu hata mmoja unaokusikia, ulikufa?" Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na baada ya kucheka akasema amekubali, ila mguu wake usitupwe huko mjini, uletwe nyumbani, uzikwe, ili siku yake ikifika akute umemtangulia.

Mguu ulikatwa juu ya goti tarehe 19 Julai 1977, na Nkuba ndiye aliyeuomba hospitali, akapewa, akauviringisha katika shuka na blanketi jipya, akapanda nao basi la kuja Igawa, akaupakata. Kondakta alimuuliza umebeba nini mzee, weka juu na mizigo, Nkuba akajibu, "Huyu ni kaka yangu," kondakta akamtazama usoni, hakumdai hata nauli ya mzigo. Ulizikwa pale nyuma ya zizi, akina mama wakataka kulia wasijue kama inafaa, Mzee Saulo jirani yetu akasema, "Lieni, ni maiti hiyo," wakalia. Marehemu aliporudi na magongo alikwenda kupatazama, akasema, "Basi mimi nimeshaanza kuzikwa, mkichelewa kumalizia ni uvivu wenu."

Msimu ule wa kilimo, mwisho wa 1977, ulikuwa msimu mzuri wa mwisho, marehemu akiwa ameketi kwenye kigoda ukingoni mwa jaruba, Evarista ameshika plau, baba anaita, "Reli, ndani, ndani, Uhuru usimsukume mwenzako," na maksai wanageuka kwa sauti tupu, Kalista akitazama kutoka barabarani na kuamini kwamba biashara imefanyika, mguu umetolewa, mtu amebaki.

Mwezi wa sita mwaka 1978 yalitokea mavimbe kwenye kinena. Kalista aliyagusa wakati wa kumwosha, akaendelea kumwosha, akamaliza, akamfunika, akaenda kukaa zizini. Mbeya daktari aliyabonyeza, akaomba radhi, akasema hakuna pa kukata tena, wala dawa ya kufika huko hana, mpeleke nyumbani, mama, mpe anachopenda kula. Kalista akamuuliza kama wangekuja mapema, tangu lile doa la jiwe, angepona, daktari akasema, "Pengine, mama, sikudanganyi kwa ndiyo wala kwa hapana," na Nkuba akauliza habari ya chuma chake, daktari akamwambia chuma hakikuleta ugonjwa, ugonjwa ulikuwepo. Nkuba alishukuru, lakini tangu siku hiyo hajawahi kumchoma mnyama yeyote.

Kuuguza kulikofuata hakuna wa kukusifia, kwa kuwa hakukuwa na kupona ndani yake. Kalista alichemsha maji ya chumvi asubuhi na jioni, akaosha yale mavimbe yaliyopasuka, akafua vitambaa mbali na kisima, akamgeuza, akamlisha uji wa maziwa kwa kijiko, akijua yote haya hayarudishi kitu. Harufu iliwafukuza wengi, hatuwalaumu, lakini Mzee Saulo alikuja kila alasiri na ugoro wake, akaketi karibu kabisa na kitanda, akasema mafua yamemziba pua tangu Krismasi, hasikii kitu, mpaka jioni wakazungumza habari za ng'ombe. Kifua kilipoanza kutoa damu padre aliletwa, marehemu akapakwa mafuta matakatifu, na siku ya Ijumaa tarehe 9 Machi 1979, kabla ya saa sita mchana, aliuliza kama ng'ombe wameshafunguliwa, Kalista akamwambia wameshafunguliwa, wako malishoni, naye akasema, "Haya," na hilo ndilo neno lake la mwisho. Ameacha mjane, watoto watatu na ndugu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya ambao hawakutudanganya, mganga wa zahanati yetu, Ikupa wa Soweto aliyefika jana na mkungu wa ndizi kichwani, padre na wanajumuiya, majirani wote, na zaidi Mzee Saulo, mafua yake tunayajua na tumeyapokea.

Selestini, umelimia watu vya kutosha, sasa teremka taratibu, mguu wako uko hapo kando yako, lala salama, lala mzima.

Mgawo ni huu, marehemu aliusema kwa kinywa chake na ukoo umeuridhia jana jioni. Philbert amepewa Uhuru na Reli na ng'ombe wa zizi la chini. Evarista amepewa plau, na atakayesema binti harithi plau akaishike yeye tuone mstari wake. Lea amepewa ndama jike mwenye baka, asomeshwe kwa uzao wake. Nyumba na majaruba ya mpunga ni vya Kalista. Kuhusu Kalista mwenyewe, wakubwa wa ukoo waliuliza nani atamrithi, Nkuba, ambaye kwa mila ndiye mwenye haki, alisimama akasema shemeji yake hayumo kwenye mgawo, kwa sababu alitudai kitu kimoja tu, mtu wake, tukashindwa kumpa. Kila msimu, kabla ya Nkuba kulima kwake, atalima kwanza kwa Kalista.