Philipo Gerald Hanlon, Aliyemtafuta Babu Yake (1954–2006)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mwankoko, familia inawashukuru kwa miguu yenu. Wasifu huu umeandikwa na Kristina, mdogo wake marehemu. Ukimchekesha mtu, asione haya, maana marehemu mwenyewe angecheka wa kwanza.

Philipo alizaliwa Itigi tarehe 9 Agosti 1954, mtoto wa kwanza wa Gerald na Elizabeti. Baba yake, Gerald, alikuwa chotara. Mzungu aliyemzaa alikuwa fundi wa kutandika reli, na Itigi nzima ilimwita Bwana Reli. Mwaka 1934, Gerald akiwa na miaka miwili, Bwana Reli alihamishwa kwenda upande wa Kigoma na hakuonekana tena. Theresia, bibi yake Philipo, hakubaki hata na jina la mwanamume huyo, kwa sababu mke mwenye adabu alimwita mumewe Baba Gerald na yakaisha. Jambo moja tu watu wote walikuwa na hakika nalo: alikuwa Mwingereza. Mzungu gani wa enzi zile asingekuwa Mwingereza?

Philipo alisoma shule ya msingi Itigi kuanzia 1962 hadi 1968. Kila fomu iliyotaka majina matatu, alijaza mawili, la babu akachora kistari. Siku moja mwalimu alimwuliza kama ana babu au alidondoka kutoka kwenye behewa. Darasa likaangua kicheko, na Philipo akacheka nao. Nyumbani hakugusa chakula.

Baada ya mafunzo Tabora, aliajiriwa reli mwaka 1973 kama karani wa stesheni, Itigi na baadaye Manyoni. Kazi aliiweza, lakini kuoa kulimtoa jasho. Nyumba mbili zilimrudisha mshenga wake, zikisema haziozi kwa mtu asiyejua ametoka wapi. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Mughwai wa Mandewa, baba yake Yasinta. Mzee alimwambia kijana, "Binti nakupa, maana una heshima. Ila nikiulizwa nimeoza ukoo gani, nijibu nini? Uniletee jina la babu yako kabla sijafa."

"Nitalileta, baba," akajibu Philipo. Walifunga ndoa tarehe 13 Septemba 1986, na hakuna siku aliyoisahau ahadi ile.

Akaanza kuandika barua Uingereza, kwa ofisi za reli na makanisa, akimwulizia fundi reli wa Itigi. Kwa miaka minane aliandika saba, na zote zilijibiwa kwa adabu kwamba mtu wa namna hiyo hawamjui. Mwaka 1992 reli ilimpunguza kazi. Wenzake walilia, yeye akachukua kiinua mgongo chake akanunua mashine ya kukamua alizeti. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, akasema, kwa nini yeye akae kwenye benchi? Mashine akaisimika hapa hapa Mwankoko, na mashudu yake mnayajua wafugaji wote.

Julai 1994 alikuja pale mashineni mzungu mchimba visima kununua mafuta. Bibi Theresia, wakati huo amepita miaka themanini, alikuwa anapepeta alizeti kibarazani. Akamkaribisha, "Karibu, Mwingereza."

"Bibi, usinitukane," mzungu akacheka. "Mimi ni Mwairishi. Ni nchi nyingine kabisa."

Bibi akaweka ungo chini. "Hee! Wewe ni kama Baba Gerald! Yule ukimwita Mwingereza, anavua kofia, anaitupa chini, anaikanyaga!"

Philipo akazima mashine. "Bibi! Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza jina lake," bibi akasema. "Hasira zake hukuniuliza."

Kumbe barua saba zote zilikwenda nchi siyo! Mchimba visima akaandika kwao Ayalandi, tangazo likasomwa makanisani: ni nyumba gani ilipoteza kijana aliyekwenda kujenga reli Tanganyika? Februari 1995 jibu likafika sanduku la posta la Singida. Liliandikwa na bibi mmoja, Nora, mdogo wake Dermot Hanlon. Alisema barua ya mwisho ya kaka yake ilitoka Itigi, ikieleza kwamba amepata mke, Theresia, na mtoto wa kiume aliyempa jina la baba yao, Gerald. Baba yao aliisoma, hakujibu. Mwaka 1935 ikaja taarifa kwamba Dermot amekufa kwa homa kambini, siku chache kabla ya likizo yake ya kurudi Itigi. "Namwombea baba yangu msamaha kwenu," Nora aliandika.

Bibi Theresia alisomewa mara mbili. "Kumbe hakunikimbia," akasema, na akalia kilio alichokiweka miaka sitini.

Jioni ile ile Philipo alipanda baiskeli hadi Mandewa. Mzee Mughwai alikuwa kitandani, hoi. "Baba, nimelileta. Ni Hanlon." Mzee akataka alitaje mara tatu, akalirudia mwenyewe, akasema, "Haya. Nimeoza kwa watu." Alifariki mwezi uliofuata.

Philipo alianza kuugua kisukari mwaka 2001, na figo zikafuata. Wodini, nesi alipoandika majina mawili kwenye faili, Philipo alimsahihisha: "Yapo matatu, sista. Andika yote." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Yasinta; watoto watatu, Witness, Peniel na Jenipher; dada, Kristina; na wajukuu wa Nora huko Ayalandi, waliopigiwa simu juzi wakalia kama sisi. Msalaba wake, mtauona, hauna kistari.

Apumzike kwa amani Philipo Gerald Hanlon. Na akimkuta babu yake huko aendako, tunamwomba jambo moja tu: asimwite Mwingereza.